Desa langu la Chemistry lina kosa ukurasa wa tatu, na nilikaa nalo siku nne bila kusema

Wakuu, salamu kwenu.

Kwa siku nne nilikuwa na swali moja tu kichwani. Kwenye desa langu la Chemistry, yaani kijitabu cha notes ninachowaandikia wanafunzi, pale ukurasa wa tatu, niliandika asidi iingie kwenye maji, au niliandika maji yaingie kwenye asidi?

Anayejua Chemistry ameshaelewa kwa nini sikulala. Kwa aliyekimbilia Arts mapema, nitaeleza mbele kidogo.

Ninachosimulia kimetokea chote. Majina ya wengine nimeyabadilisha kwa sababu hawajanituma niwaandike. Jina langu, lile lililoko kwenye jalada la madesa, nimeliacha lilivyo. Mkifika mwisho mtaona kwa nini.

Mie ni graduate. Nimemaliza shahada ya mambo ya mipango, nipo Mbagala kwa dada yangu mkubwa na mumewe, nasubiri ajira kama wengi humu.

Ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Nikifunga mlango narudi kuutikisa mara tatu. Nikimtumia mtu mzima ujumbe nashinda nikijiuliza kama shikamoo yangu ilikaa vibaya. Dada huniambiaga, "Deo, wewe ukipewa yai utaanza kuwaza kifaranga atasoma shule gani."

Madesa yalianza kwa bahati tu.

Binti wa jirani alikuwa form four, akawa analeta daftari lake la Biology nimsaidie. Daftari zima ni maneno aliyonakili ubaoni bila kujua yanasema nini. Nikamwandikia notes upya, kurasa nne. Kiingereza kama mtihani unavyotaka, halafu chini ya kila mada nikachora kiboksi, ndani yake nikaeleza jambo lile lile kwa Kiswahili cha kawaida. Nikakiita "Kwa Lugha ya Nyumbani."

Kile kiboksi ndicho kilichonipa jina mjini.

Binti alipeleka kurasa zile kutoa kopi kwa Mama Shufaa, mama mmoja wa Mtwara mwenye steshenari upande wa Rangi Tatu. Mama Shufaa akasoma kiboksi, akauliza nani kaandika, akaagiza niitwe. Baada ya miezi michache tulikuwa na madesa ya masomo manane: Civics, History, Geography, Kiswahili, English, Biology, Physics na Chemistry. Mie naandika, yeye anachapa na kuuza.

Kwenye jalada aliweka "Sir Deo." Nikamwambia mama, mie si mwalimu. Akanijibu desa lisilo na Sir halinunuliwi hata na mwehu.

Sasa niwaungamie kitu.

Sikuwa nayajua masomo yote manane. Civics na Geography niko vizuri. Chemistry nilipata C, na hiyo C ilifika ikichechemea. Kwa hiyo nilifanya wanachofanya waandishi wengi wa madesa. Nachukua desa la mtu mwingine, naweka pembeni daftari langu la zamani, halafu nazungusha maneno.

Kuzungusha kuna ufundi wake. Mwenzako kaanza na sababu, wewe unaanza na matokeo. Katoa mfano wa embe, wewe unaweka papai. Kasema "fanya hivi, usifanye vile," wewe unabakiza moja. Lengo ni kwamba mwenyewe akiliona asiweze kusema umemwibia. Tena mada lazima iishie kwenye ukurasa wake, kwa hiyo unapunguza punguza maneno mpaka ikae.

Civics ukiizungusha, haki za raia zinabaki zile zile. Nilidhani na Chemistry iko hivyo.

Aliyenizindua ni fundi betri.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilikuwa napita mbele ya kibanda chake, nikakuta dereva mmoja wa bajaji kachoka kusubiri betri yake, kaamua kujisaidia mwenyewe. Mbele yake kuna chombo chenye asidi, mkononi ana chupa ya maji, kaanza kuinamisha. Fundi akapiga ukelele mtaa mzima ukageuka.

"We bwana! Unataka kutembea na fimbo nyeupe? Weka chini hayo maji!"

"Si naongeza tu, fundi?"

"Asidi ndiyo inayofuata maji. Maji hayaendagi kwa asidi. Yakienda inachemka hapo hapo inakurukia usoni. Nina mwenzangu huko Temeke jicho moja hana, kamuulize."

"Basi fundi, yaishe. Jicho langu bado nalihitaji, sijamaliza kumwangalia mchumba."

Watu wakacheka sana.

Mie sikucheka. Nilikumbuka kwamba sentensi ile ya kupunguza ukali wa asidi ipo kwenye desa langu, na kwamba niliizungusha. Sikukumbuka niliizungusha vipi.

Kwa wa Arts, jambo lenyewe ni hili. Asidi kali ikikutana na maji inatoa joto kubwa. Ukiimimina asidi kidogo kidogo kwenye maji mengi, maji yanalimeza lile joto. Ukifanya kinyume, yale maji machache yanachemka ghafla juu ya asidi na kuirusha nje. Na anayemimina huwa kainamia chombo aone anachofanya. Kwa hiyo inaruka usoni.

Laptop yangu ilikuwa imekufa kioo. Faili lote liko kwenye kompyuta ya Mama Shufaa, dakika kumi kwa mguu kutoka nyumbani. Mwenye akili zake angekwenda saa ile ile.

Mie sikwenda.

Najua mtaniuliza kwa nini. Ni kwamba nisipoangalia, bado kuna nafasi kwamba niliandika sawa. Nikiangalia, nafasi hiyo inaweza kufa. Nilikuwa nimeishikilia kama mtu aliyeambiwa majibu ya hospitali yako tayari akasema atapita wiki ijayo.

Jumanne nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatano nilijikaza, nikafika mpaka kona ya steshenari. Wanafunzi watatu walikuwa wamesimama kaunta na mmoja kashika desa la kijani. Kila somo tulilipa rangi yake, na kijani ni Chemistry. Nilitakiwa nivuke barabara nimnyang'anye. Nikageuka nikarudi nyumbani, na njiani nilikuwa najiambia huenda alikuwa analirudisha.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba desa likishatoka halihesabiki. Mmoja ananunua, wanne wanatoa kopi ya lile lake. Mwingine anapiga picha kurasa, anatupia kwenye group la darasa, huko linahamia group la shule nyingine. Binamu yangu anayekaa Tabata aliwahi kunipigia simu kwamba kaliona kwa mtoto wa mwenye nyumba wake. Siku hiyo nilitamba nyumba nzima. Sasa ile simu ilikuwa inanirudia kichwani.

Nikifumba macho yangu naona ya mtoto wa mtu.

Alhamisi nikaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sir Deo! Nilishasema huyu kaoa kimya kimya, hata pilau hatujala."

"Hapana mama, nilikuwa na mambo."

"Mambo gani na wewe huna kazi?" Akacheka mwenyewe. "Kaa hapo. Kijani imekwisha tena, hizi nimechapa jana. Practical zimekaribia, watoto wanaligombea kama khanga za mnada."

Nikamwomba anifungulie faili. Nilisogeza kurasa moja moja. Ukurasa wa tatu, kiboksi cha chini:

"Kupunguza ukali wa asidi: weka asidi kwenye chombo, kisha mimina maji taratibu huku ukikoroga."

Nilisoma mara tano nikitumaini maneno yatasogea. "Taratibu" ilikuwepo. "Huku ukikoroga" ilikuwepo. Hayo niliyanakili vizuri kabisa. Kilichopinduka ni kipi kinatangulia. Na lile onyo la kutofanya kinyume, ambalo kwenye desa nililotolea lilikuwa limepigiwa mstari, nililiondoa mwenyewe ili ukurasa utoshe.

"Sir, mbona umepauka hivyo?" Mama Shufaa aliuliza huku anapanga karatasi, na hakusubiri jibu. "Halafu umesikia? Kuna binti pale shule ya jirani kaungua maabara jana. Mkono. Maskini, na mtihani wenyewe ndio huu."

Wakuu, kuna hofu inayokufanya ukimbie na kuna inayokukalisha. Hii ilinikalisha.

"Kaungua na nini?"

"Ninajua mie? Dawa zao za maabara. Wanasema zilimrukia."

Zilimrukia.

Pale nilitakiwa nimwambie mama wa watu. Badala yake nilimdanganya. Nikasema nina toleo jipya, asiuze hili kwanza.

"Toleo jipya la lini? Hili wino haujakauka."

"Kesho mama, nitaleta."

Nikafuta faili, nikabeba nakala zote za kijani zilizokuwa kaunta, nikaondoka nazo kwenye mfuko mweusi. Nyumbani nilizisukuma chini ya kitanda kama kitu cha wizi.

Saa ya chakula nilikuwa nimekaa tu natazama sahani.

"Deo, huo ugali unaota mizizi," dada akasema.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa? Sema. Umempa mtu mimba?"

Shemeji akapaliwa na maji. Nikasema hapana.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi hakuna kinachozidi hapo. Kula."

Nilitamani kumwambia kwamba kipo. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuwaza kama mshtakiwa. Kwenye jalada hakuna ubini wangu. Hakuna namba ya simu. Sir Deo wako wangapi Dar es Salaam hii? Nikajikuta nawahesabu akina Deo ninaowafahamu, nikifurahi kila ninapokumbuka mwingine. Nilipofika wa sita nikajiona mtu wa hovyo, nikaacha.

Ijumaa asubuhi nilivaa shati jeupe, nikachukua bahasha ya vyeti, nikaenda pale shuleni. Nilihitaji kujua yule binti ana hali gani, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza kama mhusika. Mlinzi nilimwambia naulizia nafasi ya kujitolea kufundisha.

Nikapelekwa kwa mwalimu wa Chemistry, nitamwita Madam Tumaini. Mama wa makamo, sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la mwisho. Akanipokonya bahasha, akasoma vyeti amesimama.

"Mipango. Hesabu unaziweza?"

"Naziweza madam."

"Hapa walimu wa sayansi hatutoshi. Mkuu wa shule amesema tukipata kijana wa kujitolea tumchukue, posho ipo kidogo, na nafasi zikitoka anakuwa ameshajulikana. Unaweza kuanza lini?"

Mwaka mzima nimezunguka na bahasha ile hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Na siku ninayoulizwa, nimekuja kwa jambo lingine.

Nikajikaza. "Nimesikia kuna mwanafunzi aliungua, madam."

"Zuhura? Kumbe imeshafika huko mtaani." Akasonya. "Kashika tripodi, kile kigoda cha chuma, imetoka kwenye moto sasa hivi. Nimewaambia mara mia, chuma cha moto na cha baridi vina rangi moja. Kiganja tu, kimefungwa. Yuko darasani anacheka na wenzie."

Si asidi.

Wakuu, sijui niwaeleze vipi wepesi niliousikia. Nilitaka kucheka kwa sauti mbele ya yule mama. Mtoto mzima. Faili limefutwa. Nakala ziko chini ya kitanda. Na juu ya yote, kazi. Nikasema moyoni, Mungu kanisitiri aibu, sasa kilichobaki ni mie kufunga mdomo.

Sitawadanganya hapa. Nilishaamua kunyamaza. Nilikuwa natabasamu.

Madam akasema twende nione maabara. Tulipofika koridoni akaitwa ofisini, akachungulia darasa la jirani. "Zuhura! Mpeleke Sir maabara, nakuja."

Akatoka binti mrefu, mchangamfu, mkono wa kushoto una bandeji nyeupe. Akanipa shikamoo, akatangulia.

Maabara yao ni darasa lililoongezwa meza za saruji. Kuna sinki lisilotoa maji, na ndoo chini yake. Zuhura alinitembeza kwa majivuno kama mwenye nyumba. Akanieleza kwamba yeye na wenzake watatu ni viongozi wa maabara, na kwa kuwa madam ana mikondo minne peke yake, wao ndio wanaowahi asubuhi kumwandalia vitu vya practical.

Kwenye rafu ya chini, nyuma ya chupa nyingine, kulikuwa na chupa kubwa ya kahawia. Nikasoma lebo. Asidi kali, haijaguswa.

Najua nilitakiwa niangalie pembeni. Nilishaamua kunyamaza. Lakini nikauliza.

"Hii nani anaipunguza ukali?"

"Zamani fundi wa maabara, ila kahamishwa. Jumatatu ni mie. Wenzangu wanaiogopa."

"Umeshawahi?"

"Bado Sir, ndiyo mara ya kwanza. Lakini naijua."

"Inafanywaje?"

Akasimama wima kama wanavyosimamaga wakiulizwa swali, mikono nyuma, macho juu, akaimimina yote bila kujikwaa:

"Weka asidi kwenye chombo, kisha mimina maji taratibu huku ukikoroga."

Neno kwa neno. Alipumzika pale pale nilipoweka mkato.

Nilikuwa natazama uso wake, wakuu. Paji, kope, mashavu. Jumatatu asubuhi uso huu utainama juu ya chombo, mkono mmoja umefungwa bandeji kwa hiyo atakishika vibaya, na atafanya hasa nilichomwambia.

"Hapana," nikasema. "Ni kinyume. Maji yanatangulia. Asidi inafuata."

Akanitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu mzima aliyesahau jina la mjukuu.

"Samahani Sir, labda chuoni ndiyo mnafanya hivyo. Ila Sir Deo ameandika hivi. Na Sir Deo hakoseagi."

"Sir Deo ni mimi."

Akacheka mpaka akaziba mdomo kwa ile bandeji. "Wewe? Sir Deo ni mzee bwana! Ana miwani na kitambi. Kuna mtu wa darasa letu kamuona."

Hapo ndipo hofu yangu ilipobadilika. Siku nne zote nilikuwa naogopa nitakachofanywa. Sasa niliogopa kwamba nimesimama mbele ya mtoto, namwambia ukweli, na hanisikii. Karatasi niliyoiandika ilikuwa na nguvu kuliko mie niliyeiandika. Nikimnong'oneza yeye, ataenda kuuliza wenzake, wenzake watafungua desa, desa litashinda.

Kulikuwa na njia moja, na nilijua itanigharimu nini.

Madam Tumaini akaingia. Nilisema haraka kabla akili haijaanza kazi yake ya kupima.

"Madam, lile desa la kijani la Chemistry ni langu. Ukurasa wa tatu nimeandika maji yamiminwe kwenye asidi. Nilithibitisha jana. Na nilikuwa naondoka hapa bila kukuambia."

Zuhura aliacha kucheka.

Madam hakupiga kelele, na hilo liliniogopesha zaidi. Akanyoosha mkono, Zuhura akatoa desa kwenye begi, akalifungua. Akasoma. Akasoma tena.

"Chemistry umesomea wapi wewe?"

"Form four, madam. Nilipata C."

"C." Akalifunga desa taratibu. "Na mimi hili nimeliona mikononi mwao tangu muhula uanze. Nikasema afadhali wana kitu cha kusoma. Sikulifungua hata siku moja."

Akamrudishia Zuhura desa. Kisha akasema, "Utawaambia mwenyewe. Wote. Nikiwaambia mimi watasema nawaonea wivu watu wa madesa."

Kabla ya mapumziko, mikondo yote minne ya form four ilitolewa uwanjani. Mie ambaye huwa sisemi "shusha" kwa konda mpaka nijipange vituo viwili kabla, nikasimamishwa mbele ya umati ule.

Nikawaambia jina langu kamili. Nikawaambia kwamba Sir Deo si mwalimu. Kwamba desa la Chemistry nilinakili kwa mtu, nikazungusha maneno ili asinijue, na katika kuzungusha nikapindua kitu kinachoweza kumpofua mtu.

Mwanzo walidhani ni utani. Halafu ikaanza.

"Kanjanja huyo!"

"Kitambi kiko wapi?"

"Na Physics nayo umezungusha?"

Hilo la Physics lilinichoma, kwa sababu jibu ni ndiyo. Nikasema ndiyo. Kelele zikapanda mpaka Madam akanyanyua mkono.

Nikawaambia wafungue ukurasa wa tatu, wapige mstari kiboksi cha chini, waandike juu yake: maji kwanza, asidi baadaye, kidogo kidogo, kinyume chake kamwe. Kisha nikawaomba warudie kwa sauti, kwa kuwa najua wanavyosoma. Walirudia mara tatu. Zuhura alikuwa mstari wa mbele. Hakunitazama hata mara moja, lakini midomo yake ilikuwa inatamka.

Madam alinisindikiza getini, akanirudishia bahasha. "Hii ondoka nayo," akasema. "Jumatatu asidi nitaipunguza mwenyewe."

Sikubisha. Hata mie nisingemwajiri mtu kama mie.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Shufaa nikamwambia yote, pamoja na uongo wa toleo jipya. Alikaa kwenye kiti chake, akatazama mashine.

"Na mie nimechapa kwa mikono yangu hii," akasema mwishowe.

Kisha akainuka, akabandua tangazo la picha za pasipoti mlangoni, akaligeuza nyuma, akaandika kwa maka peni nyekundu: DESA LA KIJANI LINA KOSA LA HATARI. LETE USAHIHISHIWE BURE. Akaniambia nirekodi sauti, nitaje jina langu lote na namba yangu, akaituma kwenye magroup yote ya wateja wake. Nilirekodi mara moja. Kwa mtu kama mie, hilo peke yake ni muujiza.

Chemistry, Physics na Biology tumeziondoa kabisa. Yaliyobaki yatarudi sokoni mwalimu wa somo akishayapitia.

Tangu siku hiyo natembea. Nimemaliza steshenari za Mbagala ninazozijua, nikaenda Temeke, wiki iliyopita nilikuwa Tabata. Naingia, naomba desa la Chemistry, nafungua ukurasa wa tatu, najitambulisha. Kuna walionifukuza. Kuna mmoja kanipa soda.

Na Tabata ndiko nilikoona kitu kilichonifanya niandike uzi huu. Jalada la bluu, jina la Sir mwingine kabisa nisiyemjua. Ndani, kiboksi. Kimepewa jina lingine. Mfano wangu wa papai umegeuzwa nanasi. Mtu kanizungusha mie, kama nilivyomzungusha mwenzangu. Kabadilisha karibu kila kitu.

Ila asidi bado inatangulia chomboni.

Kwa hiyo siwezi kuwaambia mtafute jina langu tu. Kosa langu sasa linatembea na majina ya watu wengine.

Nilichojifunza hakina urefu. Ukimwandikia mtu anayesoma kwa kukariri, usiandike usichokijua, kwa sababu yeye hatapima, atatenda. Na kwa wenzangu wa kuwaza sana: siku zile nne sikuwa nafikiri. Nilikuwa nasubiri mtu mwingine aungue ndipo nijue jibu.

Ombi langu. Kama nyumbani una mdogo wako au mtoto wa form three au four, mwombe desa lake la Chemistry leo. Usiangalie jalada. Tafuta sehemu ya kupunguza ukali wa asidi, uisome na yeye.

Wiki hii naanza Boko na maeneo ya huko Bagamoyo Road, ambako simjui mtu. Desa lenye kosa hili umeliona steshenari gani, tuisheni gani, group gani? Andika hapa chini, nitaenda mwenyewe. Matusi pia karibuni, nitayasoma yote.

Ila tusi lianze na jina la mtaa.